Harufu ya Karafuu kwenye Jino la Mwalimu Nyemo

Kabula mwanangu,

Umekwenda Isevya kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia kabla hujala mara mbili. Basi nina nafasi ya kuandika. Begi lako nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga tena. Mambo ya kufunga mlango wa bweni, kutokula ovyo njiani na kutoonyesha simu dirishani sitayaandika. Una miaka ishirini, na hayo umeyasikia mpaka unayatamka pamoja nami kwa kunikejeli. Ninachotaka kukuandikia sijawahi kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili nikashindwa, kwa sababu ukikaa mbele yangu naanza kukutania. Huo ndio ugonjwa wangu, na barua hii inauhusu huo huo.

Kesho unapanda treni kwenda kusomea meno. Jirani yetu Mama Hadija ameshasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na nikacheka naye ukutani pale. Baadaye niliingia ndani nikakaa kitandani muda mrefu. Chuoni watakufundisha mengi ambayo mimi, tabibu wa meno wa kliniki ya vyumba viwili, nimeyajua kwa kuungaunga. Lakini kuna jino moja nataka ulijue kabla hujafungua kitabu chochote.

Unamkumbuka Mwalimu Nyemo. Ndiye aliyekufundisha kusoma. Ulikuwa ukirudi nyumbani unasimama kwenye kigoda na kunisomesha "fa, fe, fi" kwa sauti yake, kidole juu. Ni Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, aliolewa huku kwetu, na mumewe alipofariki hakurudi kwao, alibaki na wanafunzi wake. Ukiwa darasa la tatu alijikwaa kwenye ngazi za shule akavunja jino la mbele, la juu. Alikuja kliniki akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa, na swali lake la kwanza halikuwa kama litauma. Aliniuliza, "Mtani, nitaweza kutamka 'fa'?"

Nilimwambia ataweza. Nikalitibu jino, nikalichonga, nikachukua alama zake na kuzituma Dar es Salaam kutengenezewa kofia, lile gamba la jino la bandia la kuvika juu ya kisiki. Kofia za jino zilikuwa zinakuja kwa basi, na ilichukua wiki mbili. Kwa wiki hizo mbili nilimwekea kofia ya muda ya plastiki na kuigandisha kwa ile simenti laini ya unga na mafuta ya karafuu. Wewe unaijua harufu yake, ndiyo iliyokuwa kwenye nguo zangu kila jioni. Ni simenti nzuri kwa kazi yake. Inatuliza jino, na ukitaka kuitoa inatoka bila ugomvi.

Kofia ya kudumu haigandishwi kwa hiyo. Inagandishwa kwa simenti ya rezini, gundi ya plastiki inayokomaa kwa dawa zake na kwa taa ya bluu, na ikishakomaa vizuri hata nyundo inaiheshimu. Sasa sikiliza, hapa ndipo palipo na jambo. Mafuta ya karafuu na rezini hayapatani. Yakibaki hata utando mdogo kwenye jino, rezini iliyo juu yake haikomai. Ukiitazama kwa nje utadhani imekauka, kumbe ndani imebaki teketeke. Kwa hiyo kabla ya kugandisha unakwangua simenti yote ya muda, unasugua jino kwa unga wa kusafishia na maji, unasuuza, unakausha, unatazama, na ukiwa na shaka unarudia. Hayo nilikuwa nayajua. Usije ukamwambia mtu kwamba mama yako hakujua.

Siku ya kuweka ile kofia umeme ulikatika. Taa yangu ya bluu ilikuwa na chaji kidogo, na nje kulikuwa na wagonjwa wamejaa benchi zote mbili. Nikaitoa kofia ya muda, nikakwangua, nikafuta jino kwa pamba yenye spiriti. Nilipoinama kutazama, nilinusa karafuu.

Nilinusa, Kabula. Si kwamba ilinipita. Pua yangu iliniambia kazi haijakwisha, na nikajibu moyoni kwamba karafuu ipo chumba kizima, itakuwa inatoka kwenye bakuli la kuchanganyia. Nikaweka simenti ya rezini, nikakandamiza kofia, nikawasha taa. Mwalimu Nyemo alijitazama kwenye kioo akasema "fa." Kisha akasema "fisi, fagio, furaha." Tukacheka wote wawili, na nikamwita mgonjwa anayefuata.

Ilishika miezi mitatu. Ikadondoka akiwa ubaoni, mbele yenu. Wewe ndiye uliyeniletea habari, mbio mbio, viatu mkononi. Saa hiyo hiyo ya mchana alifika mwenyewe, kofia ameifunga kwenye kitambaa, amesimama barazani kwa kuwa benchi zilikuwa zimejaa. Nikatoka, nikaipokea, nikaigeuza juani.

Hili watakufundisha wiki za mwanzo, ila nataka ulisikie kwangu. Kofia ikidondoka, usitazame kwanza sura ya mgonjwa wala usiulize amekula nini. Tazama simenti imebaki upande gani. Ikibaki kwenye jino na kofia iko tupu ndani, tatizo liko upande wa kofia: labda haikuandaliwa, labda ni zile ngumu za zirkonia ambazo asidi haiziumi, nawe umezipaka asidi kama za kaure ukadhani umefanya kazi, kumbe zinataka kupulizwa mchanga laini na kupakwa dawa yake. Labda ulishaijaribisha mdomoni ikapata mate, ukaisuuza kwa maji tu. Ikivunjika katikati, nusu huku nusu kule, simenti yenyewe imeshindwa au imezidiwa. Lakini ikiwa simenti yote imekaa ndani ya kofia, na jino limebaki jeupe, safi kama halijawahi kuguswa, basi haikushika jino hata siku moja. Ilikuwa imekaa tu pale kwa adabu.

Ya Mwalimu Nyemo ilikuwa hiyo ya mwisho. Nilipitisha ukucha kwenye simenti nayo ikakwaruzika. Nikaisogeza puani. Sikuhitaji kuinusa mara mbili.

Barazani walikuwepo watu wanane au tisa, na wewe umekaa chini na daftari lako. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote:

"Mtani wangu, ninyi kwenu mlenda unateremka wenyewe, meno ni ya kupigia picha tu. Sasa umefika Unyamwezi, umeona matobolwa, viazi vikavu vigumu kama mawe, ukajitia ujasiri. Jino limeona kazi, limekimbia!"

Baraza lilicheka. Mzee mmoja alipiga paja. Mwalimu Nyemo akasema kupitia kitambaa, "Sijala matobolwa, mtani."

"Eti hajala! Na jino limeshatoa ushahidi!"

Ukacheka wewe kuliko wote. Nilikutazama, nikaona fahari machoni pako, mama yangu anajua kuchekesha. Nikamwambia apite ndani nimrudishie jino lake. Aliichukua kofia mkononi mwangu, akaifunga tena kwenye kitambaa polepole, akasema, "Haya, mtani. Umeshinda." Akaondoka. Hakurudi tena kliniki kwangu.

Wewe umekulia mjini, utani umeuona harusini na misibani tu. Bibi yako aliniambia utani wetu ulitoka mbali, kwa babu zetu waliobeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi pwani. Ugogo hapakukwepeka, na maji yalikuwa ya kuomba. Wakagombana, wakapatana, na mapatano yenyewe yakawa haya: tutatukanana, tutanyang'anyana chakula, tutazikana, na hakuna atakayekasirika. Ni kitu kizuri sana. Lakini tazama nilivyokitumia. Mtani akikuambia neno, ukinuna wewe ndiye mshamba. Kwa hiyo nilimsingizia mbele ya watu, kisha nikamfungia mlango wa kujibu kwa mila za babu zetu wote wawili. Angekuwa Mnyamwezi mwenzangu angenitukana, tungegombana, na huenda ukweli ungetoka siku ile ile.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Jina uliloliokota barazani ulilipeleka darasani, na kabla ya Ijumaa shule nzima ilikuwa ikimwita Mwalimu Mlenda. Upande wake nimeujua baadaye. Bila lile jino pumzi ilikuwa inamponyoka kwenye "fa" na "va", na watoto wakawa wanamwigiza. Mtu aliyefundisha kusoma miaka yote aliomba apewe hisabati, na muhula ulipokwisha akaomba uhamisho kwenda Kigwa.

Siku aliyohama ulikuja jikoni ukaniuliza, "Mama, mwalimu amehama kwa sababu yangu?" Nilikuwa nachambua mchele. Nikakujibu bila kuinua kichwa, "Walimu huhamishwa, mwanangu. Ni kazi ya serikali." Na ukaacha kusoma kwa sauti. Nilidhani umekua tu. Sasa najua kwamba mtoto wa miaka tisa alibeba kosa la mama yake mpaka leo, na mama yake alimwona amelibeba.

Halikuwa lako, Kabula. Uliimba wimbo niliokutungia mimi. Samahani. Nimeliandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikalifuta, nikiona ni dogo. Naliacha hapa lilivyo.

Utauliza kwa nini sikusema miaka kumi na moja. Nimejiuliza na mimi. Mwanzoni niliogopa jina la kliniki, maana baba yako alikuwa hajapandishwa kazi reli na tuliitegemea. Hiyo ni sababu ya kweli, lakini si kubwa. Kubwa ni kwamba nilipenda kupendwa. Watu walikuwa wakija kwangu na meno yanawauma wanaondoka wanacheka, na nilijiona mtu mwema kwa ajili hiyo. Kukiri kungenifanya niwe tabibu aliyekosea, kama matabibu wote. Na kukosea kwenyewe si aibu, utakosea wewe pia, tena mapema. Mimi aibu yangu inaanzia pale barazani, kofia iko juani, nikiwa nimeshajua.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi ya hilo. Tangu siku ile sijampoteza mgonjwa hata mmoja kwa karafuu. Niliacha kuitumia kwa yeyote anayesubiri kofia ya kugandishwa kwa rezini, nikatafuta simenti ya muda isiyo na mafuta yale. Nilijifunza kusugua, kusuuza na kunusa, na nikihisi chochote naanza upya hata benchi zikijaa hadi barabarani. Wagonjwa wote wamefaidika na jino la Mwalimu Nyemo isipokuwa Mwalimu Nyemo.

Baba yako alipofariki, alikuja. Ulikuwa umelala chumba cha ndani, homa imekupanda kwa kulia, hukumwona. Aliingia uani, kanga kiunoni, akaivaa kofia ya reli ya marehemu, akawa anawapanga waombolezaji kama abiria: "Mwenye tiketi ya kulia apande nyuma, wa kula ugali tu shuka hapa!" Mtani wa kweli. Nilicheka, mjane wa siku mbili, nikacheka mpaka shangazi yako akanishika bega. Na muda wote huo mkono wake wa kushoto ulikuwa mdomoni. Siku ile alikuwa na ruhusa ya kunisema lolote mbele ya ukoo mzima, angesema kuhusu jino na wangecheka. Hakusema. Aliosha sufuria zetu jioni, akaondoka alfajiri na gari la kwanza. Nikamsindikiza hadi barabarani, mdomo wangu umejaa maneno, nikamwambia, "Asante, mtani." Basi.

Sijui hasa kilichonisukuma mwaka huu. Nadhani ni siku ile majibu yako yalipotoka, ukasema unataka kwenda kutengeneza meno kwa sababu ya mama. Jumamosi iliyopita nilikuaga kwamba nakwenda kuona shamba. Nilikwenda Kigwa.

Nilimkuta anapukuchua karanga mbele ya nyumba. Amezeeka. Kwa ukubwa wake ilinipasa nimwamkie, na kwa utani ilinipasa nimwulize kama karanga hizo ameiba. Nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Akaacha kupukuchua.

"Marahaba. Leo kuna nini, mtani unaniamkia?"

"Leo sikuja kwa utani."

"Basi keti. Nimezoea kukusikia ukiwa umesimama."

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza. Umeme, pamba, harufu, simenti iliyokwaruzika kwa ukucha. Nilimweleza mpaka lugha ya kazi ikaniishia. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliokota karanga moja, akaipasua, akaiweka chini bila kuila.

"Miezi yote mitatu," akasema, "nikinywa chai ya moto nilikuwa nasikia karafuu. Nikadhani ndiyo dawa inafanya kazi."

Akachukua karanga nyingine.

"Na matobolwa siyali. Tangu niolewe huku, siyali, yananikaba. Nilikuambia siku ile."

"Uliniambia, mwalimu."

"Niliwaambia nyote. Mlikuwa mnacheka."

Kisha akaniuliza juu yako. Nikamwambia unakwenda kusomea meno, akatikisa kichwa kama anayekubali hesabu iliyotoka sawa. Akasema miaka iliyofuata, kila alipokuja sokoni mjini, ulikuwa unajificha ukimwona, akadhani tumekufundisha kiburi. Nikamwambia ni aibu, si kiburi. Macho yake yalijaa, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye vumbi la karanga.

Nilimwomba anionyeshe kilichobaki. Akakataa. Nikamwambia basi aende hospitali kubwa, kuna madaktari wazuri, nitamsindikiza, mzizi ukikaa hivyo unaoza na siku moja hautakuwa na cha kushika kitu. Nilimsihi, Kabula, si kwa adabu tu, nilimsihi kweli. Akasema:

"Wewe hutanigusa. Sikuchukii, lakini hutanigusa. Na hao wengine siwajui. Mtoto wako nilimfundisha herufi, nazijua akili zake. Mwambie ukweli kwanza, wote, pamoja na pale uliponicheka. Halafu mwulize kama atanitengenezea akishamaliza."

"Ni miaka mitano, mwalimu."

"Nimekaa kumi na moja. Hiyo mitano nitakuwa najua nasubiri nini."

Akaniuliza unasafiri lini, akasema siku hiyo, yaani kesho, treni ikipita Kigwa atakuwa stesheni. Kama una jibu, utafungua dirisha. Kama huna, au ni hapana, utaliacha limefungwa, naye ataelewa, atarudi kwenye karanga zake. Alisema hivyo bila uchungu, kama mwalimu anayempa mtoto muda wa kufikiri.

Sikumwahidi lolote kwa niaba yako. Nimeshasema kwa kinywa cha wengine vya kutosha. Na nisingependa ukubali kwa kunionea huruma au kwa kulipa deni langu, hilo nitakufa nalo mwenyewe. Mzizi wa jino hilo huenda usifae tena utakapomaliza, na utalazimika kumwambia hivyo usoni. Huenda ukafaa, na utainama juu yake na taa yako ya bluu. Huenda ukaamua kwamba si mzigo wa msichana wa miaka ishirini, na mimi mama yako nitasema una haki, na sitakuuliza tena.

Barua hii nitaitia mfukoni mwa koti lako, uisome treni ikishaondoka. Kutoka hapa hadi Kigwa si mbali, lakini utaimaliza. Sitakuwa karibu nawe kukutania wala kukukonyeza, na nafurahi kwamba sitakuwa. Nakupenda, Kabula. Nilikupenda hata pale barazani, nikakuharibia mwalimu.

Nilimwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Mama yako